Bushi Nilizozificha Chini ya Kaunta

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu yake. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua imekatika kidogo, na uani kwa baba pale Kichiwa kulinukia viazi vinavyochemka na udongo uliolowa. Mimi na mdogo wangu Odilo tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri chakula baada ya misa. Baba akatoka ndani ameshika ufunguo mmoja uliofungwa kitambaa chekundu. Akatupita. Akaenda hadi kwenye kibanda cha mabati ambako gari lake, Land Rover ya zamani, lilikuwa limelala miaka tisa, akavuta turubai likaanguka chini.

“Odilo,” alisema, “nataka ulifufue. Likisimama, ni lako.”

Kisha akanitazama mimi.

“Na wewe Kastori utamtafutia spea.”

Basi. Akarudi ndani kunawa mikono. Tukala viazi na mboga, watu wakacheka, mke wangu Winfrida akaomba chumvi. Mimi sikujua nimekula nini.

Nakuandikia haya kwa sababu vijana wengi siku hizi mnafufua magari ya babu zenu. Mnanitumia picha kwenye simu, bushi mbili zimewekwa mezani, moja nyeusi ya mpira na nyingine ya plastiki ngumu yenye rangi ya kupendeza, mnaniuliza: Mzee, niweke ipi? Wengine wenu mko Njombe, wengine mbali, na hamjui mnapoliuliza swali hilo kwamba mzee mnayemuuliza aliwahi kulijibu mara moja kwa ubaya. Nitakujibu, mwanangu. Ila kwanza nisikilize.

Kwa asiyejua, bushi ni kitu kidogo kinachoingia kiganjani. Ya mpira ni mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, katikati mpira. Inakaa kwenye jicho la springi, pale springi inaposhikana na chesesi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari zima. Gari likipita kwenye jiwe, jiwe linasukuma tairi, tairi linasukuma springi, na mpira ule mdogo unajikunja, unalimeza lile pigo kabla halijamfikia aliyekaa juu. Hakuna anayeusifu. Watu husifu rangi, husifu injini. Bushi inakaa kwenye tope inafanya kazi yake.

Baba aliijua bushi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na hakuwa fundi. Alikuwa dereva. Miaka yake ya nguvu aliimalizia kule Lugarawa akiendesha gari la hospitali ya misheni, akiwashusha wajawazito kutoka vijiji vya milimani, amewalaza nyuma juu ya godoro. Alipostaafu aliuziwa gari lile lile, akahamia nalo Kichiwa. Nikiwa kijana niliwahi kumsikia akibishana na fundi aliyetaka kumwekea bushi ngumu, maana zinadumu. Baba alimwambia, “Wewe unaniambia habari za bushi kudumu. Mimi nina mama nyuma ambaye uchungu umeshamshika. Nipe za mpira, nitakuja kuzibadili hata kila mwaka.”

Nilikuwepo. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu. Lishike, mwanangu, kwa sababu kosa langu halikuwa la kutojua.

Sasa nikwambie nilivyokuwa. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nina duka la spea Makambako, karibu na stendi. Nilisomea ufundi kwa mjomba wangu hapo hapo Makambako, miaka minne ya kulala chini ya malori. Madereva wa kwenda Zambia walinijua kwa jina. Walikuwa wakisimama usiku na mchana kuuliza, Kastori yupo? Odilo alikuwa mdogo wangu kwa miaka saba. Alibaki nyumbani, analima viazi, anatengeneza baiskeli za watu na pampu za maji. Mkono mzuri, sikatai. Lakini fundi wa magari nilikuwa mimi. Na baba, mwanangu, baba alikuwa akimwita Odilo “fundi.” Odilo akikaza mnyororo wa baiskeli, “Ahsante, fundi.” Mimi niliwahi kushusha gia boksi la lori peke yangu, nikamsimulia baba, akasema, “Angalia usije ukaumia mgongo.”

Wivu haukunijia kwa kelele. Ulinijia kama baridi ya huku kwetu: unaamka asubuhi, hakuna aliyeufungulia mlango, na umeshaingia kwenye vidole. Baada ya Jumapili ile nilianza kuokota vitu. Nilikumbuka kwamba Odilo ndiye aliyekalishwa mapajani mwa baba akishika usukani, huku mimi nikiwa nimepelekwa kwa mjomba kusoma. Nilikumbuka sweta ya bluu aliyonunuliwa yeye. Nilikumbuka jinsi baba alivyocheka utani wake msibani kwa shangazi. Vitu vya miaka ishirini nyuma, vimekufa kabisa, nikavifukua kimoja kimoja na kuvipanga, na kila nilichokipanga kilinithibitishia kile nilichotaka kuthibitishiwa.

Mwezi wa tano Odilo akaja dukani. Alikuwa amepanda basi asubuhi, amevaa koti la baba, pua nyekundu kwa baridi.

“Kamwene, kaka,” akanisalimia.

“Kamwene. Gari lako liko wapi? Umelipaki stendi?”

“Nimekuja nalo mfukoni,” akasema, akatoa bushi ya zamani iliyofungwa kwenye gazeti, akaiweka kaunta. Ilikuwa imelika upande mmoja, mpira umechanika kama mdomo wa kiatu cha shule. “Injini inawaka. Breki zimekubali. Rangi nimepiga mkono wa kwanza. Sasa zimebaki hizi. Nimezichoma moto siku mbili ndipo zikatoka kwenye jicho la springi, mkono wote umenuka mpira. Shemeji, ukisikia harufu usidhani ni mimi.”

Winfrida, aliyekuwa akipanga filta kwenye rafu, alicheka. “Odilo, wewe hata bila mpira unanuka gari.”

Walipocheka, na mimi nikacheka. Huku mkono wangu, chini ya kaunta, ulikuwa umeshika boksi.

Ndani ya boksi hilo kulikuwa na seti moja kamili ya bushi za mpira, za saizi ile ile, zilizokuwa zimebaki tangu enzi za mjomba. Karatasi imefifia lakini mpira bado hai. Ukiubonyeza kwa kidole gumba unarudi. Nilizitafuta mwenyewe wiki mbili kabla, maana baba alikuwa ameniagiza spea na miguu yangu ilikuwa imetii hata moyo ulipogoma. Nilizipata zikiwa nyuma ya rafu. Nikazifuta vumbi. Nikaziweka pale chini nikimsubiri Odilo.

Na Odilo alipokuja anacheka, amevaa koti la baba, sikuzitoa.

Badala yake niligeuka nikachukua juu ya rafu bushi za nailoni, zilizochongwa na fundi mmoja wa mashine hapo mjini. Nyeupe, safi, ngumu kama mfupa. Nikazipanga mbele yake.

“Hizi ndizo,” nikasema. “Za mpira mafuta yanazila, jua linazila, miaka michache unarudi tena kuchoma moto. Hizi ukizifunga umezifunga.”

Odilo alichukua moja, akaigonga kwenye kaunta. Ikalia ta!

“Ngumu sana, kaka.”

“Si ndiyo ubora wake?”

Akaiweka chini. Kisha akauliza swali ambalo nimelala nalo kwa miaka mingi. “Kama gari lingekuwa lako, na ungekuwa unambeba baba, ungeweka zipi?”

Mwanangu, angalia vizuri hapa. Sikumdanganya kwa neno lolote kuhusu bushi. Mafuta yanakula mpira, ni kweli. Nailoni inadumu, ni kweli. Malori mengi niliyafungia hizo na hayakurudi. Nilikuwa na ukweli mwingi tu mdomoni, na nilichagua ule ulionifaa. Nikasema, “Ningeweka zinazodumu.”

“Haya,” akasema Odilo. “Wewe ndiye unayejua.”

Akazifunga kwenye gazeti lile lile, akaenda zake.

Winfrida alisubiri mpaka Odilo alipovuka barabara. Kisha akaja, akainama, akalitoa boksi.

“Na hizi za chini umemwekea nani?”

“Kuna mteja.”

“Mteja gani huyo anayempita baba yako?”

Nikamwambia apange filta. Alinitazama kwa muda, akalirudisha boksi mahali pake taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala. Siku nzima hakuniongelesha ila mambo ya duka.

Mwezi wa saba gari likasimama kwa miguu yake. Odilo alikuwa amelipaka kijani kilichokolea, ile rangi yake ya kwanza, na vioo amevisugua mpaka vinaakisi migomba. Mama yetu alizikwa Lugarawa, na tangu mgongo wa baba uanze kumsumbua hakuwa ameliona kaburi lake. Kwa mabasi hakuweza. Alikuwa akisema, “Nikipata gari langu nitafika.” Hilo ndilo lililokuwa nyuma ya ufunguo wenye kitambaa chekundu, na sote tulilijua. Alitaka kumwona mama.

Tuliondoka asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba. Odilo kwenye usukani, baba pembeni yake amevaa kofia yake ya udereva, mimi nyuma. Majirani walipiga vigelegele. Baba aliwapungia mkono kama askofu.

Kufika Njombe nilikuwa nimeshalisikia. Kwenye lami ile, kila ufa uligonga, na nailoni kwenye baridi ilianza kulia, kwii, kwii, kama kitanda cha mbao kwenye nyumba ya wageni. Odilo akafanya utani, “Baba, linakuimbia.” Baba akatabasamu. Tulipopita mjini, sokoni, watu waligeuka kutazama, na baba akaketi wima. Kisha tukaiacha lami.

Barabara ya kwenda Ludewa wakati ule ilikuwa vumbi na mawe. Sasa hakukuwa na utani. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja, kutoka kwenye tairi hadi kwenye kiti, bila kupunguzwa na kitu. Nilimwona baba kwa nyuma. Aliweka mkono kwenye kishikio cha mbele. Baadaye akaweka na wa pili. Shingo yake ikaanza kuingia mabegani. Odilo alipunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka mtu mwenye baiskeli na gunia la mkaa akatupita. Na mimi huko nyuma, mwanangu, lazima nikuambie ukweli kama nilivyomwambia padri: nilifurahi. Kila jiwe lilipogonga, kitu ndani yangu kilisema, haya, fundi. Haya, fundi wa baba.

“Simamisha,” baba akasema.

Alishuka akishikilia mlango. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye baridi ile. Alisimama amegusa boneti kwa kiganja, muda mrefu, kama unavyogusa paji la uso la mgonjwa.

“Umelipaka vizuri, Odilo,” alisema. “Lakini hili si gari langu. Nirudisheni.”

Nilimtazama Odilo. Nilingoja aseme. Alikuwa na haki yote ya kusema, “Ni kaka aliyenichagulia bushi.” Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtoto.

“Nisamehe, baba,” akasema. “Ni mimi. Nimekosea kufunga.”

Hakunitaja. Hakunitazama hata. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hakuwa ananificha. Halikumjia kichwani kabisa kwamba kaka yake angeweza kumpa kitu kibaya. Furaha yangu ikaisha hapo hapo barabarani, ikaacha kitu ambacho sikuweza kukitema wala kukimeza. Tukamlaza baba nyuma, juu ya makoti yetu, kichwa chake kwenye mapaja yangu, tukarudi Kichiwa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilikihisi kila kipigo kupitia kichwa chake.

Hapo ningeweza kusema. Sikusema. Wivu ulikuwa umekwisha, lakini aibu ilikuwa imekalia kiti chake, na aibu nayo inajua kuziba mdomo.

Baba alilala. Kwanza siku chache, kisha wiki, kisha akawa mtu wa kulala. Hakuwa na maumivu makubwa kama mwanzo, ila hakutaka kutoka. Odilo alilifunika gari kwa turubai, akarudisha spana zote kwenye gunia, akaacha hata kutengeneza baiskeli. Mtu akimletea baiskeli alimwambia, “Mpelekee fundi.” Mwezi wa kumi nikapata habari kwamba kuna mfanyabiashara wa mbao anakuja kuliangalia gari, na Odilo amekubali kuliachia.

Winfrida ndiye aliyeniletea habari hizo. Alilitoa boksi chini ya kaunta, akaliweka juu, mbele yangu, kwenye macho ya wateja wawili.

“Baba Neema,” alisema, “yule mteja wako amefika.”

Nikafunga duka.

Nilimkuta Odilo anapalilia viazi. Nilimkabidhi boksi bila salamu. Alilifungua, akatoa bushi moja, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikarudi. Akaitazama ile karatasi iliyofifia.

“Umezipata wapi?”

“Zilikuwepo.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ile uliyokuja.”

Alisimama na jembe lake. Sijawahi kupigwa na mdogo wangu, lakini siku ile nilisimama karibu naye makusudi, ili kama anataka asipate shida. Hakunipiga. Alisema tu, “Shemeji alijua?” Nikamwambia shemeji yake alijua baada ya yeye kuvuka barabara. Akatikisa kichwa mara nyingi, polepole. “Kumbe siku ile nilitania nikidhani tunacheka wote.”

Kisha akaenda kuchukua gunia la spana.

Tulifanya kazi siku mbili, hatukuzungumza ila “shika” na “vuta.” Zile za nailoni zilitoka kwa nyundo moja, hazikuwa zimeshikana na chochote. Za mpira ziliingia kwa taabu, kwa kubanwa kwenye vaisi na kupakwa sabuni, kama vile zinauliza kwanza zinaingia kwa nani. Ilipofika kukaza bolti nikachukua spana, gari bado liko juu ya jeki. Odilo akanishika mkono.

“Teremsha kwanza. Ukikaza likining’inia, likishuka chini mpira unajinyonga. Lazima likae kwa uzito wake.”

Nilijua hilo. Nilikuwa nalijua kabla yake. Lakini siku ile mikono yangu ilikuwa na haraka ya kumaliza na kuondoka. Tukateremsha gari. Odilo akalitazama, akasema, “Uzito wake si huu,” akaingia ndani ya nyumba.

Alitoka na baba. Alimtoa kitandani, amemvika koti na kofia, anatembea naye hatua moja moja. Alimpandisha kwenye kiti cha mbele. Nikaona springi zikishuka kidogo, kiasi cha unene wa kidole. Nikalala chali nikaingia chini na spana.

“Nani yuko chini?” baba akauliza.

“Ni Kastori, baba.”

“Kaza taratibu.”

Nilikaza ya kwanza. Nilikaza ya pili. Nilikuwa naona soli ya kiatu chake kupitia tundu la sakafu. Nikasema, “Baba, zile ngumu ni mimi niliyempa Odilo. Hizi nilikuwa nazo. Nilizificha.”

Kuku walikuwa wakiparua karibu na kichwa changu.

“Kwa nini?”

“Kwa sababu gari ulimpa yeye.”

Nilimsikia akipumua. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana, “Nilimpa kwa sababu yuko hapa. Analala chumba cha pili, gari liko uani. Wewe uko Makambako na una duka. Ungekuwa hapa ningekupa wewe. Hakuna jingine, Kastori. Ulidhani kuna nini?”

Miaka ishirini ya vitu nilivyovifukua, sweta ya bluu, mapaja, kicheko cha msibani, vyote hivyo, na jibu lilikuwa chumba cha pili.

“Na mgongo si kitu,” akaendelea. “Mgongo ulipoa baada ya wiki. Lakini miezi mitatu nimelala mle ndani nikijua mwili wangu umekwisha. Nilijiambia, kama hata gari langu siliwezi tena, basi nisubiri tu. Nilikuwa nimeshamuaga mama yenu kimoyomoyo. Nilimwambia sitafika. Hilo ndilo ulilolifanya.”

Mafuta yalinidondokea shavuni, nikayaacha.

“Kaza hiyo ya nyuma,” baba akasema. “Twende tukamwambie nimeghairi.”

Tulikwenda Siku ya Marehemu Wote. Mimi niliomba kubaki, baba akakataa. “Wewe utakaa nyuma, walipokuwa wakilala wale wamama. Uniambie barabara inasemaje.” Nikakaa nyuma, juu ya bati. Barabara ilikuwa ile ile na mawe yale yale. Tulipoiacha lami nilikaza meno nikisubiri, na jiwe la kwanza likapita chini yetu kama mtu anayegeuka usingizini. Nikamtazama baba. Kofia ilikuwa imemshukia machoni. Alikuwa amelala usingizi, kinywa wazi kidogo, na Odilo alikuwa akiendesha huku machozi yanamtoka bila sauti. Hakuamka mpaka Lugarawa.

Alikaa kaburini kwa mama karibu mchana wote. Tulimpelekea kiti. Aliyosema naye hatukuyasikia, wala hatukuuliza. Baba aliishi miaka sita mingine, na kila Novemba alikwenda. Hakulirudia lile jambo kwa neno hata moja, na hakuwahi kuniambia amenisamehe. Sikuwahi kuuliza. Nafikiri alidhani kule kunikalisha nyuma kulitosha.

Odilo ndiye ninayetaka umfikirie, mwanangu. Hakuninunia. Amebatizisha watoto na mimi nimesimamia, tumezika pamoja, tumevuna pamoja, gari bado analo na bado ni kijani. Anakuja dukani, tunataniana. Lakini mpaka leo, wote tukiwa na mvi, kila spea ninayompa anaigeuza mkononi mara mbili, tatu, anaibonyeza kwa kidole, ndipo anaiweka mfukoni. Hajui kwamba anafanya hivyo. Mimi najua. Najua na ninangoja amalize kuigeuza, na kila mara naona haki yake.

Sasa nikujibu ulichouliza. Kama gari utalishindanisha milimani, weka ngumu, hakuna atakayekulaumu. Kama utabebea viazi na mbao, weka ngumu. Lakini kama unalifufua ili limbebe mtu, na hasa mtu mwenye mifupa ya zamani, weka za mpira, ukubali kwamba zitaisha na utazibadili tena. Usikaze gari likiwa juu ya jeki. Literemshe, mkalishe ndani yule atakayelipanda, ndipo ukaze. Gari la zamani halifufuliwi kwa ajili ya gari.

Na ukimwona ndugu yako amepewa kitu ulichokitaka, nenda kaulize. Uliza siku hiyo hiyo, hata sauti ikitetemeka, hata ukionekana mtoto. Mimi sikuuliza, nikajijibu mwenyewe, na majibu niliyojipa yalikuwa mabaya kuliko yote. Na akija kwako kutaka ushauri huku moyo wako umechafuka, mwambie, leo sina ushauri, rudi kesho. Ni heri aondoke mikono mitupu kuliko umpe ukweli uliouchagua kwa hila. Na kama umeshampa, usingoje miezi mitatu kama mimi. Kuna mtu amelala ndani anaamini mwili wake umekwisha.

Mungu ailinde mikono yako na vidole vyako vyote, mwanangu. Alilinde na gari lako, na huyo utakayemkalisha kiti cha mbele. Akujalie safari ambayo baba yako atalala usingizi mpaka mfike, na ndugu atakayepokea kitu kutoka kwako akakitia mfukoni bila kukitazama. Uwe na amani.